Nikipigwa naganda: niendelee na sparingi au niache?

Shikamoo Mshauri,

Naomba jina langu lisitoke, kwa sababu wenzangu wa mazoezini nao husoma safu hii. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja.

Miaka miwili iliyopita nilikabwa kwa nyuma nikirudi nyumbani jioni. Aliyenikaba alichukua mkoba na simu akatokomea. Mwilini nilipata michubuko tu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sikufanya kitu. Sikupiga yowe, sikukimbia, sikumparura hata kwa ukucha. Nilisimama kama gogo hadi akamaliza shughuli zake. Kwa miezi mingi nilikuwa nalirudia tukio lile kichwani: ningegeuka hivi, ningempiga kiwiko vile.

Miezi mitano iliyopita nikajiunga na klabu inayofundisha ndondi na kujihami. Miezi mitatu ya mwanzo niliifurahia mno. Kuruka kamba, kupiga gunia, kupiga pedi, yaani zile sponji anazozishika mwalimu. Mwalimu akausifu mkono wangu wa kulia mbele ya watu. Mwezi wa nne akasema niko tayari kwa sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi. Furaha iliishia hapo.

Kila Alhamisi tunasimama kwenye mistari miwili na kila mtu anapigana na aliye mbele yake. Uzito hauangaliwi. Ni raundi 3 za dakika 3. Mimi nina kilo 57, na mara nyingi naangukia kwa kijana mmoja wa kilo 80 na ushei, naye ni mgeni kama mimi. Kengele ikilia tu, mwili unaniasi. Nabana pumzi, nafumba macho, nageuza uso pembeni, na mikono nainyoosha mbele kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Dakika ya kwanza haijaisha, miguu imeshakwisha. Mwalimu anapaza sauti, "Fumbua macho!" nami nazidi kuyafumba. Nikimwomba kijana apunguze, anapunguza kwa sekunde chache kisha anarudi kulekule. Siku moja nilijaribu kumpiga kwa nguvu zangu zote ili aniheshimu. Ikawa balaa.

Alhamisi iliyopita alinipata ngumi ya pembeni kwenye panja. Nilikuwa nimevaa kofia ya kinga, kwa hiyo nilidhani niko salama. Sikuanguka, ila niliona vimulimuli, na raundi nikaimaliza. Usiku kichwa kikagonga, mwanga wa simu ukanikera, na kwa siku mbili nilikuwa mzito kama niliyeamshwa usingizini. Jumatatu nikaenda kupiga gunia, kichwa kikaanza upya nikaacha. Leo ni Jumatano, nina nafuu lakini bado sijisikii sawasawa. Wenzangu wananicheka kwa upendo, "Karibu chamani." Mwalimu anasema ndiyo kukomaa huko, kwamba barabarani hakuna atakayeniuliza uzito wangu.

Mume wangu anataka niache kabisa. Dada yangu amenitafutia klabu nyingine ya kujinasua: ukishikwa mkono fanya hivi, ukikabwa shingo fanya vile. Nilienda kutazama. Hakuna anayepigwa na wote wanatabasamu. Moyo ulitulia, lakini nikajiuliza: siku nikikabwa kweli, huyo mkabaji atanisubiri nimalize hatua zote tatu?

Nikiacha, nahisi yule mwizi amenishinda mara ya pili. Nikiendelea, nahisi nakichezea kichwa changu. Hiki nilicho nacho ni woga au ni akili? Hata ile kinga ya meno inanitia kichefuchefu, nahisi kama mwili wote umekataa. Na kesho ni Alhamisi.

Niliyeganda

*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza kuhusu woga na akili, nami nitafika huko. Kwanza kichwa chako, kwa sababu kesho ni Alhamisi. Kichwa kuuma, mwanga kukera, uzito wa siku mbili, kisha maumivu kurudi ulipopiga gunia: hizo ni dalili zinazolingana na mtikisiko wa ubongo. Siwezi kukupima kwa barua, daktari anaweza, na ningependa umwone kabla hujavaa glavu tena. Katika barua yako nzima, hili ndilo jambo pekee ambalo sitakupa nafasi ya kuchagua. Mengine yote yanajadilika.

Usidanganyike kwa sababu hukuanguka. Mtu anaweza kupata mtikisiko bila kupoteza fahamu hata kidogo. Ngumi ya pembeni hukizungusha kichwa ghafla, na ubongo huumia kwa mzunguko huo kuliko kwa ugumu wa kilichogonga. Ndiyo maana kofia haikukuokoa. Inazuia kupasuka ngozi na inapunguza uvimbe, lakini haizuii kichwa kuzunguka. Ndondi za ridhaa za wanaume wakubwa ziliziondoa kofia hizo mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wanaume walipigana vichwa wazi. Sisemi uitupe yako. Nasema usiihesabie kazi isiyoifanya.

Utaratibu unaokubalika sasa ni kupumzika kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, na kupumzika huko si kujifungia gizani: tembea, fanya kazi nyepesi, punguza simu na kompyuta. Kisha unapanda ngazi, kila ngazi ikichukua angalau siku nzima. Kutembea kwa kasi, halafu mbio nyepesi au baiskeli. Kamba, gunia na pedi zisubiri hadi dalili zote ziishe. Zikirudi, unasimama siku hiyo na kushuka ngazi moja. Mazoezi ya kugusana ni ya mwisho, baada ya daktari kuridhia. Na usimeze dawa ya maumivu ili upate kwenda mazoezini, maana hapo utakuwa umeizima taa ya tahadhari na gari bado bovu. Ngumi ya pili ikikuta ubongo haujapona, madhara yake yanaweza kuwa makubwa kuliko ya kwanza. Ukitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi badala ya kupungua, mkono au mguu ukilegea, maneno yakichanganyika, ukipata degedege, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tuzungumze.

Nikikusoma vizuri, unaona njia mbili tu: kuvumilia Alhamisi kama zilivyo, au kuondoka. Na kila njia umeshaipa jina baya. Kuondoka umekuita kushindwa, kubaki umekuita kukichezea kichwa. Lakini kati ya raundi 3 za dakika 3 na mtu wa kilo 80, na kutopigana kabisa, kuna ngazi kama kumi hivi ambazo klabu yako imeziruka. Nashuku kwamba mwili wako haukukataa sparingi. Ulikataa kurushwa hadi ngazi ya tisa bila kupitia ya kwanza.

Angalia uzito peke yake. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ndondi za wanawake zilikuwa na daraja la kilo 57 na jingine la kilo 60. Mabondia waliokomaa, tena wa kiwango cha dunia, walitenganishwa kwa kilo 3. Wewe una tofauti ya zaidi ya kilo 20 na miezi mitano ya mazoezi. Inawezekana kujifunza na mtu mzito hivyo, na watu hufanya, lakini kwa sharti moja: yeye awe mzoefu anayeweza kuuzuia mkono wake. Wageni wawili wakikutanishwa ndipo watu wanapoumizana, kwa sababu hakuna kati yao anayejua breki ziko wapi.

Na kuhusu huyo kijana, huenda hana ubaya wowote. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2003 jaribio dogo la watu wawili kubonyezana kidole kwa zamu. Kila mmoja aliambiwa arudishe nguvu ileile aliyoipokea, si zaidi. Nguvu ikapanda kila zamu, na kila mmoja akiamini kabisa amerudisha sawa. Mwili huihisi nguvu inayoupiga kuliko ile unayoitoa. Sasa weka hilo ulingoni, ongeza hofu na jasho, utaelewa kwa nini ombi lako la "punguza" linadumu sekunde chache, na kwa nini ile siku uliyompiga kwa nguvu ili akuheshimu moto uliwaka zaidi. Neno "punguza" halina kipimo. "Gusa, glavu isikisogeze kichwa changu" lina kipimo, na linasemwa kabla ya kengele, si katikati ya raundi. Afadhali zaidi awepo mtu wa tatu wa kuita "shusha!" akiona mnapanda, kwa sababu nyinyi wawili mlio ndani hamwezi kuona.

Muulize pia amevaa glavu gani. Za sparingi kwa mtu wa uzito wake ni aunsi 16, karibu gramu 450. Zile za aunsi 10 au 12 za kupigia gunia ni nyepesi, na sponji yake huwa imeshapondeka. Bonyeza kwa kidole gumba pale penye vifundo vya vidole: ukiuhisi mfupa, glavu hiyo imekufa na haifai kukaribia uso wa mtu.

Tuje kwenye mwili unaokuasi. Umetaja mambo manne kana kwamba ni jambo moja linaloitwa woga. Mimi nayaona manne, na kila moja lina mazoezi yake.

Macho hufumba yenyewe kitu kikija usoni. Ni kinga ya kuzaliwa, hata bingwa anayo, na haijawahi kutii kelele za mwalimu. Inatii dozi. Simama mikono juu, glavu zimegusa mashavu, mwenzako agongegonge glavu zako, si uso wako, mara moja kila sekunde kwa dakika 1. Wewe kazi yako ni kuhesabu kwa sauti na kutazama sehemu ya chini ya shingo yake, pale mifupa ya mtulinga inapokutana. Ukitazama ngumi utachelewa. Bega hutangulia ngumi, na kutoka pale shingoni unayaona mabega yote mawili. Ukizoea, abadili mwendo: mbili za haraka, kimya, moja. Baadaye aguse paji la uso kwa glavu iliyofunguliwa. Dakika 5 kila siku ya mazoezi, kwa wiki tatu au nne. Sharti lake ni kuongeza kasi au kuongeza nguvu, kamwe si vyote siku moja. Wengi huharibu hapo: wanaona umeweza polepole, wanakurukia kwa kasi na nguvu pamoja, macho yanafumba tena, nawe unaondoka ukidhani umerudi ulikoanzia.

Kugeuza uso ni kosa kubwa kuliko kufumba macho. Unampa mwenzako sehemu ya nyuma ya sikio na kisogo, na kupiga kisogo kumekatazwa kwenye ndondi kwa sababu ya hatari yake. Fanya mazoezi ya kivuli, yaani kupiga hewani peke yako, ukiwa umebana mpira mdogo, kama wa tenisi, kati ya kidevu na kifua. Ukidondoka, umejua umeinua kidevu. Na ukitaka kukwepa, sogeza miguu, mguu ulio upande unaokwenda ukitangulia na mwingine ukifuata kwa hatua ileile. Usiipishanishe. Kichwa kibebwe na mwili badala ya kuukimbia.

Mikono ya kuzuia mlango ndiyo iliyokuletea ngumi ya panja. Mkono ukinyooka mbele, pembeni kunabaki wazi, na ngumi ya pembeni haipiti mbele. Glavu ikae kwenye shavu, kiwiko karibu na mbavu. Ngumi ya pembeni ikija, inua mkono kama mtu anayepokea simu, glavu ikifunika sikio, kidevu chini. Ni mwendo wa sentimita chache. Rudia mara 20 kila upande na mwenzako akirusha polepole, ngumi ya aina hiyo tu, ukijua inakuja. Kisha asikwambie ni upande gani.

Pumzi ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Toa "sss" kila unapopiga, na kila unapopigwa pia. Miguu yako haikwishi kwa udhaifu. Umeukaza mwili mzima na kuunyima hewa kwa sekunde 40, na hapo hata mkimbiaji hoi. Kabla ya kengele vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara tano. Kama baada ya raundi huwezi kutamka sentensi nzima, ile raundi ilikuwa kali mno kwa hatua yako, na ulichojifunza ndani yake ni kidogo. Dakika 3 kwa dakika 1 ya mapumziko zimetoka kwenye kanuni za ndondi za Queensberry za mwaka 1867, zilizoandikwa kwa mapambano ya ulingoni. Mwanafunzi wa mwezi wa tano anaweza kuanza na raundi 2 za dakika 1 na nusu, mara moja kwa wiki, na asipoteze kitu.

Kuna kauli ya mwalimu wako inayonisumbua kwa sababu nusu yake ni kweli. Barabarani hakuna anayeuliza uzito. Basi ndiyo sababu barabarani husimami kubadilishana ngumi kwa dakika 9. Anayekuzidi kilo 20 hushindani naye, unamwondokea. Kujihami ni kuona mapema, kuweka umbali, mikono wazi mbele ya kifua, sauti kubwa, kumwachia mkoba, na kukimbilia penye watu. Kisu kikitokea, ni kukimbia kama njia ipo. Yale mazoezi ya kunyang'anya kisu ni ya kutazama tu. Ikibidi kupiga, kitako cha kiganja ni salama kuliko ngumi, maana mkono usio na bandeji wala glavu ukigonga fuvu, mifupa ya karibu na kidole cha mwisho huvunjika kwa urahisi. Hayo yote klabu ya ndondi huenda haiyafundishi, na si lawama. Ndondi ni mchezo wenye kazi yake.

Hapa niruhusu niguse lile tukio. Umelipima kwa kipimo cha ngumi ambazo hukurusha. Kuganda ni moja ya njia ambazo mwili hujibu hatari, sawa na kukimbia au kupigana, na haupigi kura kwanza. Yule mtu alitaka mkoba, akapata mkoba, ukafika nyumbani kwa mtoto wako. Je, una hakika kwamba kumkwaruza kungekupa mwisho mzuri kuliko huo? Siulizi ili nikufunge mdomo. Nauliza kwa sababu kama unaingia ulingoni kila Alhamisi kulipa deni la jioni ile, basi hakuna raundi itakayotosha kulilipa, na kijana wa watu atakuwa anapigana na mtu asiyemjua. Kama usiku bado tukio linakujia, au unazunguka mtaa mzima kuepuka njia ile, kuzungumza na mtaalamu wa majeraha ya moyo kunaweza kukusaidia zaidi ya gunia. Si lazima kimoja kifute kingine.

Basi una nini mbele yako?

Unaweza kubaki na kuomba ngazi. Mwendee mwalimu kabla ya mazoezi, si katikati, na usiende na malalamiko. Nenda na ombi linalotekelezeka: "Mwalimu, daktari akiniruhusu kurudi, naomba wiki sita za raundi zenye kazi moja. Wiki mbili jabu tu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, mmoja apige mwingine azuie. Mbili za kupiga mwili tu, kichwa kisiguswe. Mbili za wazi, kwa kugusa, na mtu mzoefu au wa uzito wangu." Hakuna jambo la ajabu hapo. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukubali mdomoni na Alhamisi mstari ukapangwa uleule. Jiandae kwa hilo: amua nyumbani, si pale, kwamba utanyoosha mkono na kutoka ulingoni. Ukisubiri kuamua kengele ikishalia, utaganda. Na tazama anavyoipokea habari ya kichwa chako. Mwalimu anayesikia "kichwa kimeuma siku mbili" na kujibu "kukomaa", huenda hajui, na huenda hajali. Barua yako hainitoshi kujua ni lipi. Ukimwambia umekwenda kwa daktari, utajua wewe.

Unaweza kubaki bila sparingi kwa muda: pedi, gunia, kamba, na mazoezi ya dozi niliyoeleza. Unalinda afya na furaha uliyokuwa nayo. Hatari yake ni ndogo lakini ipo: gunia halirudishi ngumi, na mtu anaweza kupiga gunia miaka miwili akaamini anajua kupigana.

Klabu ya dada yako nisingeidharau. Ulikabwa kwa nyuma, na ndondi haina jibu la kukabwa kwa nyuma. Swali lako kuhusu mkabaji asiyesubiri ni swali zuri, nenda ukawaulize wenyewe: "Nikishajua hatua, mwenzangu huwa ananishika kweli?" Klabu nzuri itakuonyesha wanavyopandisha ukinzani, leo robo ya nguvu, mwezi ujao nusu, hatimaye mtu anang'ang'ania wakati wewe unapambana kutoka, na kugonga mara mbili kwa kiganja kunasimamisha kila kitu papo hapo. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliweka pamoja kata, ambayo ni hatua zilizopangwa, na randori, ambayo ni mazoezi huru mwenzako akikataa kweli. Kimoja bila kingine kinapwaya. Wakikujibu kwamba mbinu zao ni kali mno kufanyiwa majaribio, tabasamu zile zitakuwa zimejieleza.

Na unaweza kuacha. Kupumzika miezi mitatu, kulea, kukimbia asubuhi, kisha kuamua. Sioni aibu ndani yake. Naona tu uwezekano kwamba utabaki na swali lako bila jibu, na wewe ndiye unayejua kama swali hilo ni zito kulibeba.

Mumeo nisingemweka upande wa pili wa ulingo. Amekuona siku mbili ukikwepa taa. Ukishapona, mwalike aje kutazama saa moja ya mazoezi ya kugusa. Labda atabaki na msimamo wake, lakini atakuwa anapinga kitu alichokiona.

Kuhusu woga na akili: sijui njia ya kuvitenganisha kwa kuvifikiria ukiwa kitandani. Ninachojua ni kwamba vinaenda tofauti dozi ikishushwa. Hofu ya ugeni hupungua wiki kwa wiki: macho yanakaa wazi sekunde 10, kisha 30, unaanza kuona bega likisogea, siku moja unajikuta unacheka katikati ya raundi. Hofu inayokuonya kuhusu mahali au mtu haipungui. Kila Alhamisi inakuja na tumbo lilelile, hata mguso ukiwa mwepesi. Andika kwenye daftari baada ya kila zoezi sekunde ulizokaa macho wazi na jinsi ulivyojisikia wakati wa kwenda. Baada ya wiki sita za mguso mwepesi utakuwa na kitu cha kusoma.

Kinga ya meno: mara nyingi kichefuchefu ni urefu tu. Inatakiwa ifunike hadi gego la kwanza au la pili, si kugusa nyuma ya kaakaa. Ivae mbele ya kioo, weka alama pale inapozidi, toa, kata milimita 2 au 3 kila upande kwa mkasi mkali, jaribu tena kabla ya kuongeza. Kama ni ile ya kuchemsha, irudishe kwenye maji ya moto kwa sekunde zilizoandikwa kwenye maelezo yake, ing'ate, na ufyonze hewa kwa nguvu huku ukiibana kwa vidole juu ya midomo. Imekaa vizuri ikiwa unaachama na haidondoki. Kisha ivae nyumbani ukiosha vyombo, dakika 10 kila jioni, ukipumua kwa pua. Hilo unaweza kulianza hata leo, kichwa kikiwa bado kinapumzika.